Kifuniko cha Jumber

Mama mkwe wangu alipofariki aliwaachia wanawe mtambo mmoja wa kupikia chacha, pombe kali ya makapi ya zabibu. Mume wangu Anzor akapata sufuria kubwa ya shaba. Mdogo wake Jumber, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akapata kifuniko chenye shingo ndefu. Watu wakasema bibi alikuwa ameanza kuchanganyikiwa. Lakini ndugu hao walipika pamoja kila vuli, hadi nguruwe wa Jumber alipovamia mizabibu yetu. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Kisa nguruwe! Na nguruwe mwenyewe alishaliwa Krismasi.

Sasa binti yetu Tekle anaolewa Jumamosi, na makapi ya zabibu yameanza kunukia siki. Tusipoyapika leo ni ya kutupa. Harusi hapa mkoani kwetu Kakheti bila chacha ya nyumbani kwa bibi harusi? Uso wangu ningeuweka wapi?

"Nenda kwa mdogo wako ukaombe kifuniko," nikamwambia Anzor.

"Aje yeye. Mkubwa ni mimi."

"Mkubwa wa nini? Wa kiburi?"

Akachukua karai langu la kufulia, akalitoboa, akalifunika juu ya sufuria, akachomeka bomba linalopita kwenye pipa la maji baridi. Mzingo wote akauziba kwa donge la unga, akawasha matawi makavu ya mizabibu. Haukupita muda, mvuke ukaanza kutoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Akiziba huku, kunafumuka kule. Tekle alicheka hadi akakaa chini.

Harufu ikapanda ukuta. Nikaona kofia ya Jumber upande wa pili, inakwenda na kurudi.

"Shemeji!" akaita. "Mwambie huyo bwana anaiunguza chacha ya mwanangu!"

"Mwambie huyo jirani," Anzor akajibu bila kugeuka, "mpishi ni mimi."

"Mpishi wa karai!"

"Mimi si posta," nikasema. "Ambianeni wenyewe."

Hapo karai likaruka, likaanguka kwa kishindo. Jumber naye akaruka ukuta, kifuniko kwapani. Kilikuwa kinang'aa hata nikaiona sura yangu. Mtu hasugui shaba namna ile kwa asubuhi moja.

"Punguza moto! Unga uko wapi?"

Anzor akampa unga. Wakaziba pamoja, mikono ikigongana.

"Bonyeza!"

"Si nabonyeza!"

"Huko ni kubonyeza au kupapasa?"

Matone ya kwanza ni sumu. Jumber akayatupa motoni, moto ukawaka buluu. Kisha chacha yenyewe ikaja, nyembamba na safi. Anzor akajaza bilauri ndogo, akampa mdogo wake kwanza.

"Kwa mama," akasema.

Jumber akanywa, akatokwa machozi, akasingizia moshi. Mimi nililia waziwazi. Nilikuwa na furaha, nimfiche nani?

Moto ulipozimwa, Jumber akabandua unga uliokauka, akakifunga kifuniko ndani ya koti lake, akaelekea ukutani.

"Unakipeleka wapi?" Anzor akauliza. "Kiache hapa, pamoja na sufuria."

"Nikikiacha, mwakani mtaniita kwa lipi?"

Anzor akaenda kulifungua lango letu, lote, mpaka mwisho.

"Pita hapa, mpumbavu wewe," akasema. "Ukivunjika mguu, Jumamosi nani atacheza na bibi harusi?"