Daipa Iliyokaa Kavu

Wewe mama mwenye mtoto mchanga, jua jambo hili lililompata Rwamba wa Kianjokoma, na ulijue mapema kuliko yeye.

Rwamba alikuwa na mtoto wa miezi saba, kifungua mimba. Kwetu Embu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, kwa hivyo mtoto akawa Kivuti, na Cicily, mama mkwe, akawa anamwita mume wangu. Rwamba akienda kuchuna majani chai, Cicily ndiye aliyebaki naye mgongoni. Alipenda kutania kwamba tangu mume wake huyo mdogo avalishwe daipa, ile suruali ya nailoni, hajamkojolea hata siku moja, sasa hiyo ni ndoa gani. Rwamba alicheka, lakini moyoni hakupenda. Yeye alikuwa amefika darasa la nane, Cicily hakuingia darasani, na vile vitambaa vya nepi vya kufua na kuanika uani alikuwa amevikataa kabisa. Nyumba yake haingenuka mkojo. Akaweka sheria: daipa isifunguliwe mpaka ule mstari wa njano ulio katikati ugeuke bluu kwa kulowa. Ukiwa bluu, badilisha. Ukiwa njano, acha.

Hiyo sheria ni nzuri mtoto akiwa mzima.

Jumatatu Kivuti alitapika na kuhara tangu asubuhi, mpaka daipa zikabaki mbili kwenye pakiti. Jumanne kuhara kukakoma. Kutapika hakukukoma, kila aliponyonya alirudisha, lakini daipa aliyovaa asubuhi ilifika jioni mstari ukiwa njano vilevile. Rwamba akamwambia mumewe, Ireri, kwamba ugonjwa umeisha. Ireri akasema Mungu ashukuriwe, akaketi kula. Hakuna aliyejiuliza maji ya mtoto yameenda wapi.

Kulipokucha Jumatano, njano. Rwamba aliibonyeza daipa kwa kidole, ikabonyea laini kama imetoka dukani sasa hivi. Akaiacha hapo hapo, akachukua kikapu, maana majani yalikuwa yamekomaa na lori la chai lingekuja mapema. Mlangoni Cicily alimsimamisha. Alisema mtoto analala sana, utosi wake umeingia ndani, na akaomba afungue kile kitu amlaze uchi kwa leso amwangalie vizuri. Rwamba alimjibu kwa heshima, uso umefungwa, kwamba daipa kavu haifunguliwi, na mtoto anapumzika tu baada ya kuugua. Cicily akampisha mlangoni. Alikuwa amechoka kuambiwa mambo yake ni ya zamani.

Rwamba alirudi saa nane mchana. Alimkuta Cicily ameketi kizingitini na mtoto magotini. Kivuti alikuwa analia, kasauti kadogo kama ka paka aliyefungiwa stoo, na macho yake yalikuwa makavu. Rwamba alitazama mstari kabla ya kutazama uso.

"Bado kavu," akasema, na akatabasamu.

"Mama Kivuti, unafurahia nini?" Cicily hakupandisha sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo, jina la mume wake, mbele ya mkazamwana. "Mtoto mgonjwa asipokojoa hajapona. Anakauka."

Akairarua ile daipa kwa mikono yake. Akafinya ngozi ya tumbo la mtoto, akaiachilia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, na Rwamba akaitazama, akaitazama, mpaka Cicily alipomsukuma begani aite bodaboda.

Katika zahanati nesi alikuwa Eunice. Aliuliza mtoto amekojoa mara ya mwisho lini. Rwamba akaanza kueleza juu ya daipa, kwamba ni nzuri, haivuji, ina mstari.

"Mama, sijauliza daipa. Nimeuliza mtoto."

Rwamba akahesabu kurudi nyuma. Leo hapana. Jana hapana. "Jumatatu," akasema, na Eunice akaacha kuandika.

Mshipa wa mkono haukupatikana. Wa mguu haukupatikana. Mwishowe sindano iliingia kichwani, juu ya sikio, na chupa ya maji ya dripu ikaanza kudondosha. Rwamba aliambiwa amlaze mtoto kwa leso kavu, aweke mkono chini yake, na akisikia unyevu, hata tone moja, aite. Cicily alivua leso yake mabegani. Ireri alifika na gamubuti zake za shamba akauliza wanangoja nini, na hakuna kati ya hao wanawake wawili aliyeweza kumwambia kwamba wanangoja mkojo.

Mara moja Kivuti alifumbua macho akalamba maji kwenye kijiko. Kisha akalala tena.

Saa kumi na moja jioni Eunice alikuja. Aliingiza mkono chini ya leso kando ya mkono wa Rwamba, akauacha humo muda mrefu, akautoa, akautazama. Alitoka kwenye veranda akapiga simu kuomba gari la kumpeleka mtoto hospitali kubwa, na Rwamba akamsikia akitaja polepole, kama mtu anayeandikisha: mvulana, miezi saba, hajakojoa, siku ya pili.

Aliposikia hiyo ya pili, Rwamba alisukuma mkono ndani zaidi chini ya mtoto wake, akipapasa kutafuta unyevu.