Geti la Kumkomesha Mbwa

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, fundi wa kuchomelea alimkuta mbwa wake kwa mshonaji jirani, amejilaza chini ya cherehani kama vile ndiye mwenye duka. Akamburuta hadi nyumbani, akawasha mashine, akaliongezea geti nondo sita na ncha kali juu. Ukilitazama ungedhani ndani kumefungwa majambazi, si mbwa mmoja anayeogopa hata kuku.

"Sasa atoroke tuone!" alitamba.

Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele barazani, hakuinua hata macho.

"Hongera, mwanangu. Hata twiga haliruki hilo. Ila kila asubuhi unalifungua mwenyewe, mbwa anakuja kukuaga, nawe unamfokea, 'Toka hapa!' Naye anatoka. Nyumba hii mwenye adabu ni yeye peke yake."

Fundi alivimba, lakini mama hajibiwi. Akalifungua geti kwa kishindo arudi zake kazini. Mbwa akamjia mbio, mkia ukicheza, akamrukia na kumchafulia suruali.

"Toka hapa!"

Mbwa akatoka.