Kengele ya Harkaway

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinaitwa Enoch Pascoe, na asije mtu kuniambia ni mtu mwema. Namjua. Ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu.

Mume wangu Jabez alitia makaa kwenye matanuri ya manowari Harkaway tangu iliposhushwa majini mwaka 1910, na Enoch alikuwa bega kwa bega naye. Hapa kwetu Devonport, bandari ya manowari za Uingereza, mtoto wa baharia hubatizwa melini. Kengele ya meli hupinduliwa, ikatiwa maji, kasisi akafanya kazi yake, kisha jina la mtoto likachongwa ndani ya kengele. Digory wangu alibatizwa hivyo, huku akipiga kelele mpaka kapteni akacheka.

Vita vikaja. Harkaway iliwinda nyambizi, ikasindikiza meli za ngano, ikaopoa watu baharini. Halafu kwenye ukungu ikagongwa ubavuni na meli ya kwetu wenyewe, na Jabez alikuwa upande huo. Meli ilitengenezwa ikarudi kazini. Mume wangu hakurudi. Mwaka wa mwisho wa vita mafua yakamchukua Digory, akatiwa kaburi la pamoja lisilo na jiwe. Jina lake halikubaki popote ila ndani ya kengele ile.

"Usilie, shemeji," Enoch aliniambia mezani kwangu, mdomo umejaa mkate wa nyama niliompikia. "Siku Harkaway ikienda kukatwa vyuma, kengele nitakuletea mwenyewe hadi mlangoni. Nikikudanganya niite mbwa."

Nilimwamini. Ningemwamini nani mwingine?

Mwaka 1921 meli ikauzwa chuma chakavu, na Enoch akawa mmoja wa waliong'oa vitu vyake kabla haijakatwa. Nikangoja mlangoni kama mjinga. Mwishowe muuza samaki ndiye aliyeniambia kengele inaning'inia kwenye baa mpya kule juu, na Enoch anamimina bia chini yake.

Nikaenda mchana kweupe. Baa imejaa.

"Mama Digory! Leo umetukumbuka, shemeji?"

"Nimefuata kengele."

"Aa, hiyo ni mali ya tajiri mwenye baa sasa. Ndiyo iliyonipa kazi. Mtu hashibi kumbukumbu, shemeji."

"Mwache aipige, Pascoe!" mlevi mmoja akadakia. "Anayeipiga hununulia wote bia!"

Wakacheka. Mimi nikavuta stuli, nikapanda, nikaingiza mkono ndani ya kengele. Nilipapasa huku na huku. Laini kama sahani.

"Majina yako wapi, Enoch?"

"Shuka kwanza, shemeji."

"Yako wapi?"

"Tajiri alisema watu hawatakunywa chini ya majina ya marehemu. Yakasuguliwa."

"Na nani?"

Akainamisha macho. "Nilikataa asiletwe mgeni. Nikayasugua mwenyewe. Nikaanza na la Digory, shemeji, kwa heshima."

Nikashuka kwenye stuli, nikasimama mbele yake.

"Bahari ilimla Jabez, na mafua yakamla mwanangu, nami sikuvilaumu, maana havikuwahi kuniahidi kitu. Wewe ulikula mezani kwangu, Enoch."

Enoch akachukua kitambaa, akafuta kaunta, kisha akamuuliza yule mlevi anakunywa nini.