Wimbo wa Bibi Filomena

Kanisa walilosali Emérance na wenzake kutoka Kivu, lililokuwa mashariki mwa jiji la Saint Paul huko ughaibuni, lilijengwa na Waitaliano. Wengi wao walikwisha kufa, na watoto wao wamehamia mbali. Lakini kila Agosti, ilipofika sikukuu ya msimamizi wa parokia, waliobaki walirudi, wakala pamoja, kisha wakaimba wimbo walioachiwa na wazee wao. Mwaka ule wa 2014 aliyeujua wote alikuwa Bibi Filomena peke yake, ajuza wa kutembelea mkongojo.

Emérance, kiongozi wa kwaya ya Wakongomani, alimkuta Jumamosi moja kwenye benchi la mbele akijaribu kuimba, sauti ikimkatika. Padri alikuwa ameshauri wimbo upigwe kwenye spika. Bibi akakataa katakata. Emérance akamwuliza maana ya maneno yale. Filomena akamweleza kwa Kiingereza chake kizito: ni mtu aliye ugenini, anakiuliza kilima cha kwao ni nani siku hizi anayekiwashia moto jioni.

Kilima cha Emérance kilikuwa Walungu, kule Kivu, na hajakitia machoni tangu siku aliyokimbia na mtoto mgongoni. Akaomba afundishwe.

Rigobert, mumewe, hakupendezwa. Mezani nyumbani kwao, katika kitongoji cha Oakdale, alisema hakatai kumsaidia bibi wa watu, ila miaka yote waliyosali pale hakuna aliyewaomba waimbe cha kwao kwenye sikukuu ile.

"Tunabeba hamu ya wengine," alisema. "Na yetu, nani ataibeba?"

Emérance alijua mumewe amesema kweli. Hata hivyo aliendelea kwenda, na Filomena akamnyoosha ulimi bila huruma mpaka maneno yakakaa sawa. Emérance naye akawafundisha wanakwaya wake.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa. Filomena alianza vizuri, lakini ubeti wa pili pumzi zikamwishia. Emérance akaudaka wimbo, kwaya ikamfuata, wala haukuanguka. Wazee wenye mvi walilia waziwazi. Watu walipoanza kupiga makofi, Filomena aliinua mkono wakanyamaza.

"Huyu naye ana kilima chake," alisema. "Sasa tumsikilize yeye."

Kwaya ilitazamana, hawakujiandaa. Kabla Emérance hajachagua la kuimba, sauti nzito ilipanda kutoka nyuma ya ukumbi, kwa Kimashi, lugha ya kwao, wimbo wa wavuna maharagwe. Alikuwa Rigobert, amesimama wima katikati ya meza za wageni. Emérance akaitikia, kwaya ikaitikia, akina mama wakapiga vigelegele. Waitaliano hawakuambulia hata neno, lakini hakuna aliyegusa sahani yake.

Filomena alifariki majira ya baridi. Agosti iliyofuata nyimbo zote mbili ziliimbwa, na Emérance aliziongoza akiwa mbele kabisa, kitenge chake kipya kimemkaa, bila kumwomba mtu ruhusa.