Mwaridi Usioshukuriwa

Redio ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ardhi itaganda. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na sikuwa nimeshika hata koleo. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa imeuzwa. Mnunuzi alitaka kumwaga zege uani, na mwaridi wa miaka ishirini ulisimama palepale alipopanga kuegesha gari lake, hivyo ilinibidi niuhamishie kwangu.

Mwaridi ulikuwa wa Leokadia, mama yangu wa kambo. Alinilea tangu nikiwa na miaka tisa. Nilimnunia mpaka nikaolewa, wala sikuwahi kumwambia asante hata kwa gauni moja alilonishonea. Safari hii nilikuja nimekusudia kulisema neno hilo.

"Funga uzi upande wa kaskazini," aliniamuru akiwa kitini, blanketi magotini. "Ukiupanda umegeuka, utanuna kama wewe."

"Mama, baridi hiyo inakuja, niache nichimbe!"

"Mbali na shina, Jolanta! Mbali! Unamchimbia kuku kaburi?"

Nilikata mizizi kuuzunguka, nikausukuma, ukagoma. Hatimaye uling'oka na udongo wake, nikauburuta juu ya gunia hadi langoni. Nikarudi kusimama mbele ya Mama.

"Mama, nataka kukuambia..."

"Wee! Funga mdomo! Mmea haushukuriwi. Ukisema tu, haushiki."

Kwetu nani asiyejua hilo? Mmea wa kupewa unachukuliwa kimya.

"Lakini mimi sishukuru kwa ajili ya mwaridi."

"Mwaridi wenyewe utajuaje? Nenda zako. Utaniambia mwakani."

Nikaenda. Nikaupanda bustanini kwangu, uzi ukielekea kaskazini, nikarundika udongo shinani, nikaufunika kwa matawi ya misonobari. Sikutulia. Kila asubuhi nilitoka kuuchungulia kwenye theluji, kana kwamba ungenijibu. Nikimpigia simu Leokadia kwa dada yake alikohamia, mjini Suwałki, alikuwa na swali moja tu.

"Umenyamaza?"

"Nimenyamaza, Mama."

"Haya. Endelea hivyohivyo."

Alifariki mwezi Machi, theluji haijayeyuka.

Mei mwaridi ukachipua. Mwisho wa Juni ulijaa maua meupe hadi matawi yakainama, na majirani wakaja kunisifu kwamba nina mkono mzuri. Niliwakaribisha chai, nikaingia ndani, nikalia kwa hasira. Heri ungekauka, Mama akaenda amelisikia lile asante langu.