Kotesheni ya Tatu

Molu alilala na kikombe cha chai mkononi. Wala si usingizi wa kujinyoosha mkekani. Alilala papo hapo alipoketi, mgongo kwenye nguzo, mdomo wazi, ndevu zake za hina zimegusa kifua. Jua lilikuwa limeshatoka. Mkewe, Hawo, alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, na hakugeuka kumtazama. Alimsikiliza tu. Molu alikoroma mara moja, akakoroma tena, halafu kimya. Kimya kile Hawo alikijua. Alihesabu moyoni mpaka kumi na saba, akainuka, akamsukuma ubavuni.

Molu alivuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Chai ikammwagikia kikoi.

"Nimelala?"

"Umekufa kidogo, umerudi," Hawo alimjibu. "Maliza chai, Baba Jilo. Mtambo unakungoja."

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka miwili. Usiku Molu alikata pumzi, Hawo akamsukuma; asubuhi wote wawili waliamka wamechoka kuliko walivyolala. Molu aliendesha pampu ya maji ya mradi pale Minjila. Mwezi wa nne alisinzia, pampu ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Wakubwa wakamwandikia barua ya onyo. Mwezi wa tano akasinzia tena, ikaja ya pili. Barua ya tatu haina maonyo, hiyo ni ya kwenda nyumbani.

Daktari wa Mombasa alimlaza siku moja, akamfunga kidude kidoleni. Asubuhi akamwita Hawo. "Mama, huyu si mvivu, wala hajarogwa. Akilala koo lake linajifunga. Anahitaji mashine ya kusukuma hewa, avae maski puani kila anapolala. Akiikosa, moyo utachoka, na kuna siku utamsukuma asiamke."

Maneno hayo Hawo alirudi nayo Minjila, na hajayatua mpaka leo.

Ng'ombe wangeuzwa, lakini wa kuuza walikuwa wapi? Mafuriko yalichukua wengine, homa iliyofuata ikachukua wengine, na waliobaki walifungiwa na karantini. Ikabaki mfuko wa matibabu wa mradi, ambao Molu alikatwa mshahara kuuchangia kila mwezi kwa miaka tisa. Bwana Philemon, karani wa manunuzi, alisema mfuko utalipa, ilimradi taratibu ifuatwe. Kotesheni tatu, yaani karatasi za bei, kutoka kwa wauzaji watatu, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa.

Hawo alitafuta wauzaji hao mwenyewe, kwa simu ya posta, sarafu zikimezwa kama mahindi kinuni. Wa Nairobi alikuwa msichana mwenye haraka. Alitaja bei, akasema mashine ni ya stima tu, ikiharibika ipelekwe Nairobi. Wa Mombasa aliitwa Kazungu, na huyo aliuliza maswali mpaka Hawo akaona haya. Bwana analala chali au ubavu? Anapumua kwa mdomo? Ana ndevu?

"Ndevu za nini tena?" Hawo aliuliza.

"Ndevu zinavujisha hewa, mama. Maski ya kawaida haitamkaa. Nitakutumia mbili tofauti, isiyomfaa unirudishie. Stima huko iko?"

"Hakuna. Kuna betri ya lori."

"Basi chukua inayokubali betri. Na maski ikipasuka, mpe dereva wa basi la Lamu, mimi naipokea huku."

Kazungu alikuwa ghali kuliko msichana wa Nairobi kwa elfu nane. Lakini Hawo alichunga ng'ombe tangu utotoni, na alijua kuwa mfanyabiashara wa kumwamini ni yule anayemfungua mnyama mdomo akatazama meno. Alimchagua Kazungu palepale, akiwa bado ameshika simu, akidhani mwenye mgonjwa ndiye anayechagua.

Shida ilikuwa kotesheni ya tatu. Kenya nzima, Kazungu alimwambia, wanaouza mashine hiyo ni wao wawili. Philemon alipoambiwa alicheka. "Mama Jilo, sheria inasema tatu. Nenda kwa mfanyabiashara yeyote aliye kwenye orodha yetu, akuandikie ya kusindikiza. Aweke bei ya juu, ashindwe, basi. Kila mtu anafanya hivyo."

Kweli, pale Garsen, mji wenye ofisi ya mradi, kila mtu alifanya hivyo. Hawo akaenda kwa Abdirizak, muuza majembe, sukari na mabati, mtu mwema aliyemkopesha unga wakati wa mafuriko.

"Hiyo mashine ni kitu gani?" Abdirizak aliuliza.

"Ndogo, kama redio. Inapuliza hewa."

"Na wenzangu wamesema ngapi?"

Hapo ndipo Hawo alipokosea, na kosa lenyewe alizaliwa nalo. Kwao Waorma, mali haitajwi kwa hesabu. Mtu akikuuliza una ng'ombe wangapi, unamjibu wapo, Mungu ni mkubwa. Atamke elfu tisini na mbili za Kazungu mbele ya wateja? Jicho la watu lingemmaliza Molu kabla ya ugonjwa. Alijifunika mtandio vizuri, akasema, "Weka juu, Abdirizak. Juu kabisa."

"Wallahi, nitaweka juu mpaka waogope," Abdirizak alisema. Akaandika, akafunga bahasha, akagonga muhuri.

Hayo yalikuwa ya mwezi uliopita. Leo Hawo ameitwa ofisini kutia dole gumba.

Alitembea kutoka Minjila hadi Garsen na vibuyu viwili vya maziwa. Barabara ilikuwa bado na mashimo ya mafuriko, na kila aliyepishana naye alimuuliza habari za Molu. Kibuyu kimoja alikiuza. Cha pili kilirudishwa na mwenye hoteli, eti wateja bado wanaogopa homa ya ng'ombe. Saa tatu alifika ofisini. Saa sita unusu ndipo Philemon alipomwita, na muda wote huo Philemon alikuwa ndani akisoma gazeti, Hawo akimwona kupitia dirishani. Haya, mwenye shida ndiye anayengoja.

"Mama Jilo! Pongezi!" Philemon alimkaribisha, akamsogezea kidau cha wino. "Kamati imekaa Alhamisi, imepitisha. Dole hapa, tufunge faili kabla ya mwisho wa mwezi."

Moyo wa Hawo ulipaa. Alibonyeza dole kwenye wino, akalielekeza kwenye karatasi. Kisha, kwa kuwa hakujua kusoma herufi za kizungu, akauliza kama anayetaka kulisikia jina tu apate kufurahi vizuri: "Ni Kazungu, siyo?"

"Kazungu gani? Aliyeshinda ni Abdirizak, wa hapa hapa. Elfu kumi na nne na mia tano, usafiri ndani yake. Wale wengine wangetuua, mama. Elfu tisini!"

Dole la Hawo lilibaki hewani.

Maskini Abdirizak. Alikaa akafikiria kitu kidogo kama redio, chenye kupuliza hewa tu, akatafuta bei ya kuwatisha watu, na akili yake yote ya dukani ikamfikisha elfu kumi na nne. Bei ya fahali wawili dhaifu. Yeye aliona amepita mpaka.

"Bwana Philemon, Abdirizak hana mashine," Hawo alisema. "Anauza majembe. Wewe mwenyewe uliniambia nimlete asindikize."

"Mimi?" Philemon aliweka kalamu chini. "Mimi sikukwambia neno. Sheria ni bei ya chini kuliko zote. Sasa unataka kusema kotesheni ilikuwa ya uongo? Aliyeileta ni nani?"

Hawo aliliondoa dole juu ya karatasi.

"Ni wewe. Nikiandika hapa kwamba ni ya uongo, hiyo ni kesi, na bwanako na barua zake mbili tayari. Nakuhurumia tu, mama. Tia dole, mzabuni atakuletea."

"Ataleta nini?"

"Ataleta kitu cha kupuliza hewa. Si ndivyo fomu inavyosema?"

"Na nikikataa?"

"Faili inarudi. Mwezi wa saba unaanza upya, kotesheni tatu mpya. Na pesa za mwaka huu zinarudi makao makuu." Akalifungua gazeti. "Au uende umwone meneja akirudi semina. Lakini unajua mwenyewe, mama. Mkono mtupu haulambwi."

Hawo alitaka kumrushia maziwa. Kweli kabisa, mkono ulishagusa kibuyu. Lakini alifikiria barua ya tatu, akaufunga mtandio wake kwa mkono mmoja, akatoka. Dole lenye wino alilishika mbali na nguo kama mtu aliyeungua.

Dukani, Abdirizak alipomwona aliacha mizani ikining'inia.

"Mama Jilo, wallahi sikujua! Elfu tisini kwa upepo? Ungeniambia!"

"Ningekwambia, ndugu yangu," Hawo alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Kosa ni langu. Sasa andika barua ujitoe. Ukijitoa watamtazama anayefuata."

Anayefuata alikuwa msichana wa Nairobi na mashine yake ya stima. Hata hiyo Hawo alikuwa radhi. Mashine ya stima ingepelekwa kwa mwenye jenereta, Molu akalale huko. Wangejua la kufanya. Watu wa mafuriko hawakosi la kufanya.

Abdirizak alitazama kona ya duka. Juu ya magunia ya sukari palikuwa na boksi jipya lenye picha ya feni ya mezani, na ubavuni limeandikwa kwa kalamu nene.

"Limeandikwa nini?" Hawo aliuliza.

"Molu, Minjila," Abdirizak alisoma.

Hawo aliligusa boksi kwa mkono usio na wino.

"Philemon alikuja jana," Abdirizak alisema. "Aliniambia nilete feni, uweke dole, hundi itoke, tugawane naye. Nikikataa ananifuta kwenye orodha. Mradi ndio unaonunua sukari yangu, mama, ndio unaonunua sabuni. Karantini imeua soko la mifugo, wateja wangu wote ni wachungaji wasio na kitu. Nina watoto sita."

"Minjila hakuna stima, Abdirizak. Feni hata kuzunguka haitazunguka."

"Najua."

"Basi andika barua."

Alishika kalamu. Hawo alimwona akiishika, akaivuta na karatasi. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda wa kuivisha chai, halafu Abdirizak akaiweka chini, akainama, akachota sukari kilo mbili, akaifunga.

"Chukua. Bure. Nisamehe."

"Sitaki sukari yako," Hawo alisema, akaondoka. Alipopita kisima cha mwisho cha Garsen alijuta, maana nyumbani hakukuwa na sukari hata ya kulamba. Lakini kurudi? Heri chai ya chumvi.

Alifika Minjila alasiri, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Molu alikuwa ametoka zamu, amekaa kivulini mwa nyumba. Alipomwona mkewe aliinuka nusu, uso umechangamka, na kuchangamka kule kulimuuma Hawo kuliko maneno yote ya Philemon.

"Umetia dole!" Molu alisema akiuona wino. "Mashine inakuja lini?"

Hawo aliketi, akavua viatu kwanza. Akamweleza yote, bila kuficha kosa lake la kutotaja bei. Alipofika kwenye feni Molu alicheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Feni," alisema. "Nimekatwa miaka tisa, nimenunuliwa feni. Na hilo dole?"

"Nilichovya kabla ya kuuliza. Wino ni wao, dole ni langu. Karatasi yao nimeiacha tupu."

"Watakasirika."

"Wakasirike. Wakitaka kusema wamekupa mashine, waseme wenyewe, wasiseme kwa dole langu." Alijifuta kwa mchanga, wino haukutoka. "Mwezi wa saba naenda tena. Safari hii bei nitaitangaza sokoni, na jicho likitaka lije."

Molu alitikisa kichwa. Alitaka kusema kitu, maana midomo ilifunguka, lakini usingizi ulimwahi. Kichwa kikaegemea ukuta. Akakoroma, akakoroma tena, kisha kimya.

Hawo alihesabu. Ilipofika ishirini na moja alimsukuma ubavuni kwa mkono uleule wenye wino, na pumzi ikarudi kwa kishindo. Molu hata hakuamka.

"Philemon angejua," Hawo alimwambia mtu asiyemsikia, "tenda angenipa mimi na mkono huu. Bei yangu iko chini kuliko wote."

Alitaka kucheka, akapiga miayo badala yake. Alikuwa amekanyaga njia tangu asubuhi, na usiku wa jana hakulala, wala wa juzi. Kuku walikuwa wakichakura miguuni pake. Molu akanyamaza tena, na Hawo akaanza upya, moja, mbili, tatu. Kwenye tisa kope zikamwangukia. Alizifumbua kwa hofu, akamtazama mumewe, na hakukumbuka alikuwa amefika ngapi.