Soda ya Wagonjwa

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha boksi la sabuni, na maandishi yake yalikuwa ya kalamu nyekundu ya wino mzito: SODA YA WAGONJWA. HAINA SUKARI. KUNYWA UPENDAVYO. Rodney alikuwa amekining'iniza mbele ya duka lake pale Kwa Sadala, mahali ambapo kila anayeshuka kutoka Machame lazima akione.

Yuditha alikisoma mara mbili, kisha akaingia dukani.

"Kaka, nani kakwambia hii ni soda ya wagonjwa?"

"Siku hizi shikamoo imefutwa?"

"Shikamoo. Kitoe kile kibao."

Rodney alicheka. Alimzidi dada yake miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu alikuwa amezoea kushinda kila ubishi kwa kucheka tu. "Haina sukari. Baba ana kisukari. Hesabu ya darasa la pili hiyo."

"Kopo umelisoma?"

"Limejaa Kiingereza, na herufi zenyewe kama mayai ya chawa."

"Basi mimi nimelisoma. Linasema haina sukari. Halisemi ni dawa, wala halisemi unywe upendavyo. Ule utamu unatoka wapi, Rodney? Kuna kitu kimewekwa humo cha kuudanganya ulimi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana mtu akikinywa kila siku miaka kumi kitamfanya nini. Wewe ubishi umeshaumaliza kwa kalamu nyekundu."

"Diploma ya kupanga vitabu imekuwa ya udaktari lini?"

"Kwenye kupanga vitabu ndiko nilikojifunza kusoma kitu mpaka mwisho."

Rodney aliacha kucheka. Aliinama akavuta katoni kutoka chini ya meza, akaipiga kofi. "Sikiliza. Jumapili ni kipaimara cha Magreth, binti yangu wa kwanza. Nimeamua wageni wote wanywe hizi. Wote. Unajua kwa nini? Miaka minne sasa baba anakaa kwenye sherehe za watu anakunywa maji kama kuku. Nataka siku moja anywe kile wanachokunywa wenzake."

Yuditha naye alikuwa amewahi kuyaona macho ya baba yake yakiifuata trei ya soda ikimpita.

"Mpe moja," alisema hatimaye. "Na anywe akiwa amekula."

"Sawa, daktari wa makabati ya vitabu."

Baba yao, Mzee Gidioni, aliwahi kuongoza wageni mlimani kwa zaidi ya miaka thelathini kabla magoti hayajamkatalia. Sasa alikuwa na kahawa yake, migomba yake, ng'ombe watatu bandani, na sindano mbili za insulini kila siku, asubuhi na jioni. Yuditha ndiye aliyempeleka kliniki Moshi mjini kila mwezi. Aliyoambiwa na wauguzi aliyaandika kwa Kiswahili chepesi kwenye daftari, akalitundika kwenye msumari karibu na friji. Kanuni ya kwanza ilisema: Ukishachoma sindano, kula ndani ya nusu saa. Ya pili ilisema: Ukitetemeka na kutoka jasho baridi, upewe sukari haraka, kisha chakula.

Hiyo ya pili ilimchekesha sana Mzee. "Mgonjwa wa kisukari apewe sukari! Huyo muuguzi wako alikuwa ametoka kunywa mbege."

Mama yao, Elinipendo, hakucheka. Yeye hiyo kanuni hakuikubali tu. Tangu siku mumewe alipoambiwa ugonjwa wake, alikuwa ameifungia sukari yote ya nyumba ndani ya kabati la vyombo, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Aliyetaka chai ya sukari aliomba, akapimiwa, kabati likafungwa tena. Siku vijiti vya kupimia sukari kwenye damu vilipoisha, kama vilivyokuwa vimeisha wiki ile, aliongeza ukali.

Jumapili, Yuditha aliondoka alfajiri kwenda kanisani kupanga maua na wasichana wa kipaimara. Ibada ilikuwa ndefu. Alirudi mchana na kundi la ndugu wakiimba, wamemzunguka Magreth aliyevaa gauni jeupe, na moja kwa moja akaelekea nyuma ya nyumba. Huko mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya majani ya migomba yaliyotandazwa, kisu mkononi.

Kugawa nyama ilikuwa kazi yake. Kwenye nyumba ile mgawaji alikuwa mmoja, na kila fungu lilikuwa na mwenyewe: hili la wajomba, hili la wakwe, hili la bibi aliyebaki nyumbani asiyeweza kutembea. Ukimpa mtu fungu lisilo lake, atalitaja mpaka kwenye msiba wako. Tena mgawaji hakuweka kitu mdomoni mpaka fungu la mwisho lipate mwenyewe, asije akaambiwa alijipendelea. Miaka arobaini Mzee Gidioni hakuwahi kuivunja desturi hiyo.

"Baba, shikamoo. Umeshindaje?"

Hakuitikia. Alikuwa ameushika ubavu wa mbuzi akiuangalia kana kwamba hajui ni kitu gani. Aliuweka kwenye fungu la wakwe, akautoa, akaurudisha.

"Kaka, huo ni wa wajomba," alisema Melkior, mdogo wake, kwa kumtania. "Umeanza kuzeeka?"

"Nani wajomba?" Mzee alifoka. "Nyie mmetoka geti gani? Vibali viko wapi?"

Watu walicheka, wakidhani anakumbusha enzi zake za mlimani. Yuditha hakucheka. Aliona shati la baba yake limelowa mgongoni, na siku yenyewe ilikuwa ya ubaridi, ukungu umekaa juu ya migomba. Aliona kisu kinavyotetemeka. Kisha akaona chini ya kigoda: makopo mawili matupu, na la tatu limebaki nusu.

Kisu kilianguka. Mzee Gidioni alilalia upande, na Melkior akamdaka kabla hajaifikia ardhi.

"Sukari imempanda!" mtu alipiga kelele. "Mpeni maji!"

Rodney alikuja mbio na kopo jipya. "Mpeni hii, haina sukari, itamtuliza. Kunywa, baba."

Yuditha alilipiga lile kopo likaruka mpaka kwenye majani ya migomba.

"Una wazimu?" Rodney alisema.

"Asubuhi amekula nini?"

"Sasa hivi unauliza—"

"Rodney! Amekula nini?"

"Alichoma sindano yake," Rodney alisema polepole. "Mtori wa ndizi ulikuwa haujaiva. Nikampa soda. Akasema tamu kweli, akaomba nyingine. Akasema ameshiba, basi anaanza kazi."

"Ameshiba maji yenye rangi. Amechoma sindano juu ya maji. Sukari haijapanda, imekwisha. Leteni sukari!"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Kisha ukalipuka.

"Sukari? Kwa mgonjwa wa kisukari?" Melkior alikuwa bado amempakata kaka yake. "Yuditha, unataka kumuua baba yako mbele ya wageni?"

"Baba mdogo, mlaze kwa ubavu, usimwache. Binamu Godbless, leta gari lako mpaka mlangoni. Mama!"

Mama yake alikuwa mlangoni pa jiko, mkono mmoja umelishika pindo la kanga. Yuditha alimfuata.

"Mama, ufunguo."

"Sitoi."

"Mama."

"Miaka minne nimemlinda, Yuditha. Hata kijiko kimoja hajaonja ndani ya nyumba hii. Leo nimpe mimi, kwa mkono wangu? Ngojeni gari. Apelekwe hospitali."

"Gari litaenda. Lakini barabara nusu saa, na yeye nusu saa hana. Mtori wa baba uko wapi?"

"Uko jikoni."

"Ameugusa?"

Elinipendo aligeuka akatazama ndani. Bakuli la mumewe, lile la bluu ambalo hakuna mwingine aliyelitumia, lilikuwa palepale kwenye rafu, limefunikwa na sahani, kavu. Alilishusha kwa mikono miwili.

"Nilijua Rodney amempa kitu," alisema.

"Amempa utamu. Hakumpa chakula. Mama, yule muuguzi aliyasema haya mbele yako, ukakataa kuyasikia kwa sababu uliogopa. Mimi pia naogopa. Nipe ufunguo."

Vidole vya mama vilikuwa vikilitafuta fundo. Lilikuwa limekazwa mno, halikukubali. Mwishowe alilitia meno, akalikata.

Yuditha alikoroga vijiko vya sukari kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mpaka maji yakawa mazito. Aliporudi, Melkior aliweka mkono wake juu ya kikombe.

"Akifa, ni juu yako."

"Akifa bila hiki, ni juu yako wewe uliyenizuia. Toa mkono, baba mdogo."

Ilimchukua muda, lakini mkono uliondoka.

Alipiga magoti, akamwinua baba yake akakaa, akamgusisha mdomo kwa maji matupu kwanza. Koo lilicheza. Alikuwa bado anameza. "Baba, tuko kwenye kona ya mwisho, kambi hii hapa. Meza." Mzee alimeza. Kijiko, akangoja. Kijiko kingine. Cha tano kilimwagikia kidevuni kwa sababu Mzee alitukana kwa Kichagga, akausukuma mkono. Yuditha aliuweka tena mkono palepale. Magreth alikuwa amesimama na gauni lake jeupe, akilia bila sauti. Gari la Godbless lilikuwa linanguruma upande wa mbele.

Kikombe kiliisha. Yuditha aliangalia saa ya simu. Dakika tano. Saba. Jasho la baba yake lilikuwa linakauka kwenye paji la uso. Kumi.

"Nani kachukua kisu changu?" Mzee Gidioni aliuliza.

Elinipendo alikiokota, akakipangusa kwa kanga.

"Na huo ubavu nani kauweka kwa wakwe?" Mzee aliendelea, sauti kavu lakini yake mwenyewe. "Mnataka tugombane na wajomba?"

Kicheko kilichotoka uwanjani kilikuwa nusu kilio. Yuditha hakungoja kiishe. Alileta bakuli la bluu, limejaa mtori wa moto.

"Kula, baba. Ile sukari ni ya muda mfupi. Usipokula utaanguka tena."

"Nyama haijagawiwa."

"Leo mgawaji anakula kwanza."

Mzee aliliangalia bakuli, akaangalia watu. Mtu aliyeweza kumwambia mgeni tajiri kutoka mbali arudi, kilele hakipandiki leo, alishindwa kuinua kijiko mbele ya ukoo wake.

Melkior ndiye aliyekichukua. Alichota, akala, akafuta mdomo kwa kiganja. "Haya, nimeshaivunja mimi. Kula, kaka, wakitusema watuseme wote wawili."

Mzee alikula. Alikula mpaka chini. Halafu akaingia garini, Yuditha ubavuni mwake, akapelekwa hospitali kupimwa. Kisu alimwachia Melkior, na wajomba wakapata ubavu wao.

Jumatano Mzee alitaka kupelekwa Kwa Sadala. Alisema anataka kununua chumvi ya ng'ombe. Hakuna aliyemwamini, lakini Yuditha alikwenda naye.

Mbele ya duka kibao hakikuwepo. Kilikuwa kimelala kifudifudi juu ya meza, na kalamu nyekundu pembeni yake. Rodney alisimama nyuma ya meza kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, baba." Kisha akamsogezea dada yake kalamu. "Nimejaribu kuandika mwenyewe toka juzi. Kila nikiandika naona natangaza biashara. Andika wewe."

Yuditha aliligeuza boksi upande mweupe. Aliandika: SODA HII HAINA SUKARI. UTAMU WAKE SI CHAKULA. SI DAWA.

"Ongeza," Mzee Gidioni alisema kutoka kwenye kiti chake. "Anayechoma sindano ale chakula kabla ya kuinywa."

Aliongeza.

"Na chini yake uandike kwamba Gidioni wa Machame ndiye aliyejaribu."

"Hilo siandiki."

"Basi nitakaa hapa niwaambie kwa mdomo."

Rodney alilitundika boksi palepale pa zamani, akashuka kwenye ngazi, akalitazama kwa mbali. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni alisimama akalisoma, midomo ikicheza. Alikuwa ameshika pakiti ya juisi ya unga, ile ya kukoroga na maji. Alisita, kisha akaingia.

"Dada, samahani. Wewe ndiye umeandika?"

"Ni mimi."

"Na hii ya mtoto inasemaje? Mimi naona picha ya embe tu."

Yuditha aliichukua pakiti, akaigeuza nyuma, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Herufi zilikuwa ndogo sana. Rodney, bila kuambiwa, alimletea kigoda.

"Kaa, dada," Yuditha alimwambia yule mama. "Ni ndefu kidogo. Tutaisoma mpaka mwisho."